Njia ya Kutokea Maji: Mashamba ya Misri na Bwawa la Aswan

Tangu zama za mafirauni mkulima wa Misri hakuwa na haja ya kujiuliza maji ya shambani mwake yatatoka vipi, kwani mto wa Nili ulipofurika mwezi wa Agosti na Septemba ulijaza mabonde yaliyozungushiwa matuta, maji yakakaa humo majuma kadhaa yakinywesha udongo na kuacha tope lenye rutuba, kisha mto ulipopwa yakarejea pamoja na chumvi yaliyoiosha. Na ardhi, ikisha kuvunwa, ilikaa kiangazi chote juani ikipasuka nyufa, hata maji ya chini yakashuka na udongo ukapata pumzi.

Utaratibu huo ulianza kutanguka karne ya 19, pale Muhammad Ali, wali wa Misri, alipotaka pamba, zao la kiangazi lisilongoja mafuriko. Mifereji ikachimbwa, bwawa la kwanza la Aswan likamalizika mwaka 1902, na kabla ya mwaka 1910 mavuno ya pamba ya Delta ya Nili yalikwisha kupungua, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni maji ya chini yaliyopanda hadi mizizini. Onyo hilo, kwa rai yangu, lilistahiki kuwekwa mbele ya kila mhandisi aliyechora ramani ya bwawa jipya.

Bwawa hilo jipya la Aswan, lililoanzwa Januari 1960 kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kutimia mwaka 1970, lina kimo cha mita 111 na mitambo 12 yenye uwezo wa megawati 2,100. Umeme ulihesabiwa, na maji ya kuingia mashambani yalihesabiwa pia, kwani mapatano ya mwaka 1959 yaliigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kila mwaka na Sudan bilioni 18.5, bali maji ya kutoka yaliachwa nyuma. Udongo wa Nili ni mzito, na maji yakizidi hayana pa kwenda: hupanda polepole, jua likayakausha, chumvi ikabaki juu ya shamba mfano wa unga uliomwagika.

Tiba yake hapo kwanza ilikuwa mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyolazwa kichwa kwa kichwa katika handaki, pasipo saruji viungoni, ili maji yapenye papo hapo penye upenyo. Mabomba hayo humimina katika bomba kubwa, nalo katika mfereji wa wazi, na kule Delta, ambako nchi iko chini mno, pampu huyainua maji hayo na kuyapeleka baharini. Mwaka ule ule wa 1970 Benki ya Dunia iliikopesha Misri fedha za kutandaza mabomba ya kutoa maji Delta, na mwaka 1973 serikali ikaunda mamlaka ya kusimamia kazi hiyo, ambayo baadaye ilishika mabomba ya plastiki. Gharama ya kazi hiyo, ambayo ilipasa iandikwe katika daftari la bwawa tangu siku ya kwanza pamoja na mawe na mitambo, waliandikiwa wakulima wenyewe, wairejeshe kidogo kidogo kwa miaka 20, bila riba.