Pampu, Upo na Njia ya Gondokoro

Chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kipya. Mbao hucheza, kalafati hulegea kwenye maungio, na maji hujikusanya ngamani. Katika manowari kubwa za matanga za Ulaya, kama HMS Victory ya Uingereza yenye mizinga 104, maji hayo yalitolewa kwa pampu ya mnyororo. Mnyororo wenye visahani vya ngozi ulipita ndani ya mrija mrefu. Mabaharia walizungusha mikono ya chuma, na visahani vikapandisha maji hadi juu, yakamwagika ubavuni. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na chombo kilichotobolewa na mizinga kilihitaji watu wengi wa kupokezana.

Pampu za namna hiyo hazikufaa Nile Nyeupe. Mto una mafungu ya mchanga na vina vifupi, kwa hiyo vyombo vilijengwa vipana na visivyozama sana. Nagari, jahazi la mizigo kutoka Khartoum, liliundwa kwa vipande vifupi vya mgunga mzito, vikapigiliwa misumari bila mataruma, na maungio yakazibwa kwa matambara. Maungio yalikuwa mengi, na kila moja ni mlango wa maji. Hata hivyo ngama yake ilikuwa na kina kifupi kiasi kwamba mtu aliweza kufua maji kwa chombo cha mkono, kama mabaharia wa pwani ya Uswahilini wanavyotumia upo. Chombo kilichozidi kuvuja kilivutwa ufukweni kizibwe upya.

Mto huo ndio uliokuwa njia ya kwenda kusini, hadi Gondokoro. Kwa vyombo vya matanga vyenye silaha, Selim Qapudan, aliyetumwa na Muhammad Ali wa Misri, alifika nchi ya Wabari, karibu na Gondokoro, mnamo Januari 1841. Mwaka 1870 Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri, aliondoka Khartoum na stima mbili, vyombo vya matanga 31 na askari wapatao 800. Magugu ya kinamasi cha Sudd yalimzuia akarudi nyuma, na baadaye askari wakalazimika kukata njia kwa mikono. Alitia nanga Gondokoro, kaskazini kidogo ya Juba ya leo, tarehe 15 Aprili 1871, na 26 Mei akaitangaza kuwa mali ya Misri.

Baker alileta pia stima ya chuma ya tani 108, Khedive, ikiwa vipandevipande, lakini alikosa wapagazi wa kuipitisha maporomoko yaliyo kusini ya Gondokoro. Hatimaye iliunganishwa Dufile, juu ya maporomoko hayo, katika utawala wa Charles Gordon, aliyechukua nafasi ya Baker.

Juba ilipokua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, usafiri wake mkuu wa mtoni ulikuwa tena stima, zilizokwenda na kutoka Kosti, bandari ya Sudan kwenye Nile Nyeupe.