Kwa Nini Daktari wa Meno Huwasha Taa Kubwa?

Kama una mtoto mapajani, mwache asikilize pamoja nawe, kwa maana mazungumzo ya leo yanamhusu sana.

Je, umewahi kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno, na ile taa kubwa ilipowashwa tu akaanza kulia, hata kabla ya kuguswa? Wazazi wengi wameyapitia hayo. Wengine huondoka na mtoto jino likiwa bado limeoza, na hawarudi mpaka shavu limevimba. Lakini mtoto akielezwa mapema taa ile ni ya nini, hofu hupungua. Ili umweleze vizuri, yafaa kwanza ujue taa yenyewe ilitoka wapi.

Zamani taa ilikuwa ni jua. Huko Ulaya, wang'oaji meno wengi walifanyia kazi yao sokoni na uwanjani, mchana. Mgonjwa aliketishwa chini, kichwa chake kikabanwa katikati ya magoti ya mng'oaji. Mwaka wa 1728, Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa kuhusu matibabu ya meno. Alipinga desturi hiyo. Alisema kumketisha mtu sakafuni ni kumvunjia heshima, kunamtia hofu, na kunawadhuru hasa kina mama wajawazito. Alitaka mgonjwa aketi kwenye kiti imara chenye mikono. Unaona, mama? Karibu miaka 300 iliyopita, tayari kulikuwa na mtu aliyejua kwamba raha ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu.

Mgonjwa alipoingia ndani ya nyumba, kazi ikawa ni kuingiza mwangaza. Viti viliwekwa karibu na madirisha makubwa. Mjini Boston, Marekani, chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa ya Massachusetts kilijengwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya kuba lenye vioo, ili mwanga wa mchana uingie kutoka juu. Ni katika chumba hicho ambapo daktari wa meno William Morton alionyesha watu dawa ya usingizi ya etha, tarehe 16 Oktoba 1846. Lakini mvuke wa etha hushika moto haraka. Kwa hiyo mshumaa au taa ya mafuta karibu na mgonjwa ilikuwa hatari. Jua lilikuwa salama zaidi, lakini jua hutua, na siku nyingine mawingu hutanda.

Ndipo watu wakajifunza kuugeuza mwanga kwa kioo. Mwaka wa 1854, Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa kuimba, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo kingine cha mkononi, akaelekeza miale ya jua kooni mwake mwenyewe. Akaona jinsi sauti inavyotoka! Kile kijioo chenye mpini ambacho daktari humtia mtoto wako mdomoni hufanya kazi mbili: huonyesha upande wa nyuma wa jino, na hupeleka mwanga palipo na giza.

Stima ilipokuja, mambo yalibadilika. Kufikia mwaka wa 1879, Joseph Swan wa Uingereza na Thomas Edison wa Marekani walikuwa wametengeneza balbu za umeme. Hata hivyo balbu moja ina shida yake. Jaribu usiku: simama mbele ya balbu, kisha umwinamie mtoto. Kichwa chako kitatia kivuli pale pale unapotaka kuona. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Profesa Louis Verain, Mfaransa aliyefundisha mjini Algiers, alipata njia. Aliizungushia taa moja vioo vingi, ili mwanga umfikie mgonjwa kutoka pande nyingi kwa pamoja. Daktari akiziba upande mmoja, pande nyingine zinaendelea kumulika. Kivuli kikafifia.

Bado daktari wa meno alifanya kazi akiwa amesimama na kujipinda, mgongo na shingo vikimuuma. Mwaka wa 1958 kikaja kiti cha meno kinacholala kabisa. Sasa mgonjwa akalazwa chali, daktari akaketi. Mgongo wa daktari ukapata nafuu, lakini macho ya mgonjwa nayo yakawa yanaitazama taa. Ndiyo sababu taa nzuri ya meno hutoa mwanga wenye umbo la mstatili, wenye mipaka dhahiri. Unamulika mdomo, nao unaishia chini ya macho. Mwanga ukimpiga mtoto wako machoni, basi taa imeelekezwa vibaya, na si makosa kumwambia daktari aishushe.

Pengine utauliza, mwanga kiasi gani unatosha? Mwanga unaofika mahali hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Viwango vya Ulaya vimekuwa vikipendekeza laksi 500 katika chumba cha daktari wa meno, laksi 1,000 mahali alipo mgonjwa, na laksi 5,000 au zaidi ndani ya mdomo. Jua kali la saa sita mchana hufikia kama laksi 100,000. Mbona basi chumba kizima kiangazwe? Kwa sababu jicho likitoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani, na kurudi tena, mara mia kwa siku, huchoka. Na daktari aliyechoka macho anaweza kupitwa na tundu dogo katika jino.

Hata wanyama wanatufundisha jambo hili. Daktari wa mifugo anajua kwamba ng'ombe husita kupita palipo na kivuli kikali au mwanga unaong'aa mbele yake. Mwanga uliotulia humtuliza ndama, na mtoto vilevile.

Msikilizaji, usidhani historia hii ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu Tanzania walikuwa na vituo vingi visivyo na stima. Huko, Jo Frencken, Mholanzi, pamoja na wenzake, walianzisha njia ya kuziba meno bila mashine. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkononi, kisha tundu huzibwa. Mgonjwa anaweza kulazwa juu ya meza ya shule karibu na dirisha, na daktari akavaa tochi kichwani. Mwaka wa 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo. Kwa hiyo kutokuwa na stima si sababu ya mtoto kukaa na jino bovu.

Sasa nisikilize kwa makini, mama, maana hapa ni suala la uhai. Katika baadhi ya jamii zetu, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, watu humfunua kinywa ndani ya nyumba yenye giza, wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi. Husema ni "meno ya plastiki". Kisha huyachokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Tafadhali usikubali! Uvimbe ule ni chonge la utotoni ambalo bado halijaota. Si ugonjwa, wala haliharishi. Kulichokoa huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, na huweza kuharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya. Mwambie muuguzi amtazame ufizi penye mwanga wa kutosha.

Nawe nyumbani unaweza kufanya haya:

Kwanza, mara moja kwa mwezi, keti mlangoni au dirishani mchana. Mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako, mwanga uingie mdomoni bila jua kumpiga machoni. Inua mdomo wa juu. Ukiona mstari mweupe karibu na ufizi, jino limeanza kuharibika. Usingoje liwe jeusi.

Pili, mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka mmoja, wakati hana maumivu, ili aizoee taa.

Tatu, mwombe daktari aiwashe taa ikiwa kifuani mwa mtoto, kisha aipandishe polepole. Ile taa ndogo ya buluu ya kukaushia dawa ya kuziba jino isitazamwe na yeyote, hata wewe unayemshika mkono.

Nne, kama una mimba kubwa, usikubali kulala chali kwa muda mrefu. Omba mto, ulalie ubavu wa kushoto kidogo.

Na kama wewe ni mwanakamati wa kituo cha afya, chumba kinapojengwa uliza dirisha litakuwa wapi na kiti kitaelekea wapi. Kuta zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Dirisha halina bili ya stima.

Basi leo jioni mwambie mwanao hivi: "Ile taa ni jua dogo la daktari, linatafuta mahali jino lako linapouma."