Chumbi, chuo cha tope cha madereva wa Kusini

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalipanga foleni pande zote mbili, abiria wakalala njiani, na mikoa ya Kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Aprili 2025 barabara ikakatika tena hukohuko Somanga. Mwezi huohuo ilitimia miaka 10 tangu madereva wa mabasi wagome karibu nchi nzima, Aprili 10, 2015.

Wengi wa vijana wanaoendesha mabasi ya Lindi na Mtwara leo waliikuta lami. Foleni ya Somanga iliwaonyesha barabara ya Kusini katika sura yake ya zamani, ile ambayo waliowatangulia waliizoea kila masika. Ukiwasikiliza wakongwe wa njia hii wakizungumzia hayo yote, mazungumzo huishia kwenye maswali mawili: dereva anapangiwa zamu na nani, na njia anafundishwa na nani? Wenye mabasi wana majibu yao. Makala haya yanaegemea upande wa walioshika usukani, maana wao ndio walioibeba historia hii mdomoni, na sehemu kubwa yake haijaandikwa popote.

Chumbi ni kata ya Wilaya ya Rufiji, kusini mwa Mto Rufiji, katika kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga. Msafiri wa leo aliyeketi dirishani huipita akisinzia. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya 2003 basi lilivuka Rufiji kwa pantoni ya Ndundu, na dereva aliyefika kando ya mto jioni alijua kuwa hapo ndipo atakapolala. Akishavuka, kulikuwa na tope la bonde likimsubiri Chumbi, na mbele yake Muhoro na vijiji vinavyofuata hadi Somanga. Wakati wa masika barabara ilifungwa kabisa, na mtu wa Mtwara mwenye shida ya Dar es Salaam alisubiri meli au alizunguka kupitia Songea.

Mfumo wa zamu ulianza mbali na tope hilo. Kampuni ya DMT, iliyoendesha mabasi ya Dar es Salaam enzi za mkoloni, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na mabasi ya jiji, na KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ikachukua safari za mikoani. Katika mashirika hayo dereva alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi. Zamu ilipangwa ofisini, basi lilikuwa mali ya shirika, na dereva akiumwa, basi lilipewa mwingine bila yeye kupoteza kazi. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, ili nchi ipate wataalamu wake wa usafiri.

Mashirika yale yaliishiwa vipuri, mabasi yakalala karakana, na kuanzia mwaka 1983 serikali ikawafungulia mlango watu binafsi. KAMATA yenyewe ilikufa. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kila siku bila kufikiri, kwa kuwa jina lake limebaki kwenye makutano ya barabara karibu na Kariakoo.

Basi lilipoingia mikononi mwa mtu binafsi, ofisi ya zamu ilitoweka, ikabaki hesabu. Mwenye gari alimkabidhi dereva gari na kumtajia kiasi anachotaka, na namna ya kukipata ikawa shauri la dereva na konda wake. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewafuatilia wafanyakazi wa daladala za Dar es Salaam kwa miaka mingi na kutoa kitabu kuhusu maisha yao mwaka 2017, alionyesha kuwa wengi wao hawakuwa na mkataba wa maandishi na walishinda barabarani saa 15 hivi kwa siku. Mwaka 1997 walijaribu kujipanga kupitia chama chao cha UWAMADAR, lakini kila aliyelalamika alijua kuwa nje ya lango kuna mwenzake anayesubiri funguo.

Huyo anayesubiri ndiye deiwaka. Hana gari. Anafika stendi alfajiri na leseni mfukoni, anaulizia nani kaumwa, nani kafiwa, nani kachoka. Dereva mwenye gari akitaka kupumzika, humpa deiwaka zamu yake na kumlipa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo aliyepanga zamu, kwa kweli, alikuwa dereva mwenyewe, na kipimo chake kilikuwa uchovu wake na njaa ya mwenzake. Deiwaka aliyeaminika aliitwa tena. Aliyekwaruza bodi hakuitwa.

Mjini mpango huo uliweza kwenda, kwa kuwa safari ni fupi na njia inaonekana. Kwa safari ndefu za Kusini haukufaa, maana hakuna aliyekubali kumpa gari mtu asiyeijua Chumbi. Huko zamu ilihesabiwa kwa safari: unakwenda, unarudi, gari linaingia gereji, nawe unalala kwako. Gari likikwama siku tatu, zamu yako ni siku tatu, na anayekusubiri Mtwara ili alipokee naye anangoja bila malipo.

Kujifunza njia kulianza kwa utaniboi. Kijana alipanda gari akiwa mbeba mizigo na muosha vyombo vya dereva. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa maji. Basi lilipofika mahali barabara imemezwa, dereva alisimama, na taniboi akavua viatu, akakunja suruali na kuingia mbele ya gari na fimbo mkononi. Alikanyaga polepole akitafuta ardhi ngumu kwa unyayo, dereva akimtazama kupitia kioo. Maji yakiishia magotini, aliinua mkono na basi likafuata palepale alipopita. Yakipanda hadi kiunoni, alirudi, na abiria wakaanza kutafuta pa kulala.

Mafunzo mengine hayakuandikwa katika kitabu chochote cha udereva. Usifuate mkondo wa lori lililokutangulia, maana limeshaulainisha udongo. Usibadilishe gia ukiwa katikati ya tope. Usizime injini kabla hujajua gari limekaaje. Beba jembe, sururu na kamba kabla ya kubeba mzigo wa mtu. Waheshimu vijana wa kijiji, kwani wao ndio wanaojua mahali panapopitika wiki hii, na ndio watakaokusukuma, kwa malipo. Kwa vijana hao tope lilikuwa riziki, na dereva mwenye lugha chafu alisukumwa mwisho.

Baada ya miaka kadhaa taniboi alipanda kuwa konda, akajua vituo, wateja na hesabu. Siku moja, mahali pakavu na basi likiwa tupu, dereva alimsogezea usukani. Hakukuwa na cheti. Cheti kilikuwa dereva mkubwa kulala usingizi nyuma ya gari wakati wewe unaendesha.

Daraja la Rufiji, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi aliyezijua shida za njia hiyo. Pantoni ikastaafu. Kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zilibaki na tope lao miaka mingi zaidi. Kazi ya lami, aliyopewa mkandarasi wa Kuwait, ilisuasua, huku John Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, akimkemea hadharani. Ilipokamilika, katikati ya muongo wa 2010, safari iliyokuwa ikila siku ikawa ya mchana mmoja.

Lami ilipopunguza shida ya njia, shida ya zamu ndiyo iliyolipuka.

Mwaka 2015 ulianza na ajali mfululizo. Machi 11, pale Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi la abiria na kuua watu zaidi ya 40. Serikali ilitaka kuonekana inachukua hatua, na hatua mojawapo iliwagusa madereva pabaya: kila dereva wa gari la abiria anayehuisha leseni, yaani, wakati huo, kila baada ya miaka mitatu, arudi darasani NIT, tena kwa gharama zake.

Kwa mtu aliyefundwa na tope, agizo hilo lilikuwa tusi. Dereva wa miaka 20 barabarani angeacha gari, na akiacha gari amepoteza hesabu, na deiwaka aliyemwachia huenda asilirudishe. Hakuwa na mkataba wa kumlindia nafasi yake. Angelipa ada ya chuo huku halipwi mshahara. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kama dereva ni mwajiriwa, mwajiri amsomeshe, kama si mwajiriwa, basi waambiwe wao ni nani.

Alfajiri ya Ijumaa, Aprili 10, 2015, mabasi ya stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, hayakuondoka. Abiria waliokata tiketi walikaa juu ya mabegi yao. Daladala nazo zikaegeshwa, na watu wa Dar es Salaam wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Polisi walirusha mabomu ya machozi, madereva wakatawanyika na kurudi. Mwishowe Waziri wa Kazi na Ajira, Gaudentia Kabaka, alifika na kutangaza kuwa agizo la kusoma limesitishwa. Shangwe zikapigwa, injini zikawashwa.

Darasa halikuwa kiini cha ugomvi, na Mei 4 madereva waligoma tena. Mara hii walizungumzia mikataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wazi kuwa mfanyakazi apewe masharti ya kazi kwa maandishi na asipangiwe zaidi ya saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Madereva walidai kuwa mikataba iliyopelekwa kwa mamlaka ya usafiri, wakati huo SUMATRA, ilikuwa ya kuombea leseni za magari tu, na kwamba dereva mwenyewe hakuwahi kuiona. Wenye mabasi, kupitia chama chao TABOA, hawakukubali lawama hizo. Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Kinondoni, alikwenda Ubungo kuzungumza na waliogoma, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda kamati. Siku ya pili mabasi yakaondoka.

Wakongwe hulisimulia tukio hilo kwa fahari na uchungu. Fahari, kwa kuwa ilikuwa mara chache nchi kutambua kuwa ukiondoa dereva, basi ni bati. Uchungu, kwa kuwa kamati zilikaa na mazoea yakabaki: stendi nyingi bado zina dereva asiye na karatasi yoyote yenye jina lake na la mwajiri.

Yaliyofuata yanasemeka kwa ufupi. Aprili 2019 LATRA ilichukua nafasi ya SUMATRA. Mabasi ya mikoani yakafungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na basi likivuka kilomita 80 kwa saa linaonekana ofisini. Dereva akatakiwa kufanya mtihani wa kuthibitishwa na kupewa kitufe chake cha utambulisho, anachokigusisha kwenye kifaa cha gari kabla ya safari ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Safari inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri usiku baada ya marufuku ya karibu miaka 30, na zamu ya usiku ikazaliwa upya.

Haya ni maendeleo, na anayeyabeza hajawahi kulala Chumbi na watoto ndani ya basi. Lakini kitufe kinamtambua dereva, hakimfundishi. Mfumo unajua amekaa kwenye usukani saa ngapi. Haujui kama amewahi kuliona bonde la Rufiji likifurika, kama lilivyofurika Aprili 2024 na kuzamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Utaniboi umekufa pamoja na tope lake, na hakuna aliyeweka kitu badala yake. Kijana anamaliza kozi, anapata leseni ya daraja C, anapewa basi la Mtwara, na njia anaijulia njiani akiwa na abiria mgongoni.

LATRA, NIT na TABOA wanaweza kulirekebisha hili bila kungoja ajali nyingine. Dereva mpya wa njia ndefu apangiwe safari za kutosha akiwa kando ya dereva mzoefu, kiangazi na masika, kabla ya kuachiwa gari, na safari hizo ziandikwe na zilipwe. Wakongwe wa Ndundu, Chumbi na Somanga waitwe darasani wafundishe, maana wapo, na kila mwaka wanapungua. Na mkataba wa dereva ukaguliwe mkononi mwa dereva, usiishie kwenye faili la kuombea leseni. Abiria naye ana haki ya kuuliza, kabla basi halijatoka stendi, dereva wa pili yuko wapi.