Programu Nayo Ina Msomaji Wake

Sisi wa fasihi tumezoea kudhani kwamba fani ni mali yetu peke yetu. Hebu tumtazame Donald Knuth wa Stanford, Marekani. Mwaka 1984 alitoa makala akidai kwamba programu ya kompyuta iandikwe kama insha, msomaji wake awe kwanza binadamu. Katika mfumo wake wa WEB mwandishi aliandika faili moja tu: TANGLE ikachomoa humo msimbo wa Pascal, WEAVE ikatoa maelezo ya kuchapwa.

Mwaka 1986 Doug McIlroy aliombwa kuihakiki programu mojawapo ya Knuth, ya kutafuta maneno yanayojirudia sana katika matini. Akaisifu, halafu akaonyesha kwamba amri sita za Unix zinatosha! Uhakiki mkali huo, ila wa haki nusu tu, maana amri hizo zenyewe zilikwisha kuandikwa kabla.

Javadoc, iliyokuja na Java mwaka 1996, ilishika njia ya mkato. Maelezo hukaa juu ya kila kipengele cha msimbo, chombo kikayakusanya kuwa kurasa. Basi hapo msimulizi akapokonywa mpangilio: Knuth alichagua mwenyewe lipi litangulie, lakini Javadoc hufuata muundo wa msimbo.