Mtoto Aliyetekwa Akaacha Ushuhuda



Katika 2 Wafalme 5 tunasoma juu ya msichana wa Israeli aliyetekwa na Washami. Jina la Naamani, mkubwa wa jeshi, tunalijua. Jina la msichana hatulijui, ingawa neno lake ndilo lilimfungulia Naamani njia ya kupona. Vita huacha majina ya wakubwa, na wadogo husahauliwa.

Hapa Kongo alikuwako mtoto wa namna hiyo: Disasi Makulo. Alizaliwa karibu mwaka 1871, ngʼambo ya chini ya Kisangani. Angali mtoto, watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, walimteka. Mwaka 1883 Stanley alimkomboa pamoja na watoto wengine, akamfikisha Kinshasa. Baadaye alilelewa na mmisionari Mbatisti George Grenfell, akasoma, akaamini, akabatizwa. Kisha alirudi upande wa kwao kuhubiri Injili, akatumika Yalemba.

Angalia nyakati alizopitia. Mwaka 1885 mfalme Leopold II aliifanya Kongo mali yake, ukaja mpira na mikono iliyokatwa. Mwaka 1908 Ubelgiji ikashika nchi. Disasi alikufa mwaka 1941. Hakuwa mfalme wala jemadari. Lakini kabla ya kufa aliwasimulia watoto wake maisha yake, wakaandika, na mwaka 1983 yakatoka kitabu. Ndiyo maana leo tunasikia habari za utumwa kwa mtoto aliyefungwa mwenyewe, si kwa Stanley peke yake.

Sasa tutazame Masisi yetu. Mwaka 1937 Wabelgiji walianza kuleta jamaa kutoka Rwanda na kuwakalisha Gishari. Mwaka 1960 uhuru ulikuja. Mwezi wa tatu 1993 vita viliwaka Ntoto, kule Walikale, vikafika Masisi. Tarehe hizo ziko vitabuni. Lakini nani ameandika maisha ya mama wa Kibabi aliyelima, akakimbia na mtoto mgongoni, akarudi, akajenga tena? Wazee wa kila kabila wanatuacha, na ushuhuda wao unazikwa pamoja nao. Mtoto asiyepata historia kwa mzee wake ataipata kwa mwenye bunduki, naye atamfundisha chuki tu.

Katika Yoshua 4 Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto wakiuliza, wazazi wajibu. Basi, juma hili kaa na mzee mmoja. Muulize: Ulizaliwa wapi? Ulikimbia nini? Nani alikupa chakula au mahali pa kulala? Mungu alikuvusha namna gani? Andika katika kaye, hata kama aliyemsaidia si wa kabila lenu. Zaidi sana kama si wa kabila lenu. Kisha wasomee watoto jioni, kabla ya maombi.

Bwana awabariki.