Urudufu wa data katika diski ngumu

Urudufu wa data ni mpangilio wa kuhifadhi data pamoja na nakala au hesabu za ziada, ili diski ngumu moja au zaidi zikiharibika data isipotee. Hutumika hasa katika vituo vya data, ambako maelfu ya diski hufanya kazi usiku na mchana na kufa kwa diski ni jambo la kawaida.

== Kuharibika kwa diski ==

Diski ngumu ni mashine yenye sehemu zinazozunguka. Sahani zake zenye utando wa sumaku mara nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea nanomita chache tu juu yake. Kichwa kikigusa sahani, utando hukwaruzika na data iliyopo hapo hupotea. Mota na bodi ya umeme pia huharibika.

Watengenezaji hutaja uimara wa diski kwa wastani wa saa kabla ya kuharibika, kwa mfano saa 1,000,000, yaani kama miaka 114. Namba hiyo hupotosha wengi. Haisemi kwamba diski itaishi miaka 114, bali kwamba katika kundi kubwa la diski ambazo hazijazeeka, karibu asilimia 0.88 hutarajiwa kufa kila mwaka. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichunguza kumbukumbu za diski 100,000 hivi. Walikuta kwamba kiwango cha kubadilishwa kwa mwaka mara nyingi kilikuwa asilimia 2 hadi 4, na katika baadhi ya mifumo kilifika 13. Mwaka huohuo watafiti wa Google walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika SMART, mfumo ambao diski hujipima wenyewe, ukiacha kipimo cha joto.

Kwa mwenye kompyuta moja, asilimia 2 ni bahati mbaya. Kwa kituo chenye diski 10,000 ni diski 200 kwa mwaka, karibu nne kila wiki.

== RAID ==

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja kubwa. Mpango huo waliuita RAID. Katika RAID 1 kila kitu huandikwa kwenye diski mbili. RAID 5 huhifadhi pariti, yaani hesabu inayotokana na data ya diski nyingine. Kwa mfano rahisi, diski ya kwanza ikiwa na 5, ya pili 7 na ya tatu jumla yake 12, basi ya pili ikifa, 12 kutoa 5 hurudisha 7. RAID 6 huvumilia vifo viwili. RAID 0, licha ya jina lake, haina urudufu wowote.

Hatari kubwa huja wakati wa kujenga upya diski iliyokufa. Kuandika terabaiti 20 kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde huchukua karibu saa 28, na muda wote huo diski zilizobaki husomwa mfululizo. Katika RAID 5, nyingine ikifa kabla kazi haijaisha, data hupotea.

== Mifumo mikubwa ==

Kampuni kubwa husambaza data kwenye seva nyingi. Njia mojawapo ni kuweka nakala tatu kamili, lakini inagharimu nafasi mara tatu. Nyingine hutumia hesabu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Mwaka 2015 Backblaze ilieleza mfumo wake wa kugawa faili vipande 17, kuongeza vipande 3 vya hesabu, na kuviweka kwenye seva 20 tofauti. Vipande vyovyote 17 hutosha kurudisha faili, na nafasi ya ziada ni asilimia 18 hivi tu.

== Mipaka ==

Urudufu si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwa makosa, mfumo huifuta kwenye diski zote kwa uaminifu uleule. Wala haufai kitu diski zote zikiungua pamoja: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la data la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliokuwa wameweka nakala zao katika eneo hilohilo walizipoteza pia.