Uchafu wa Bukavu na umeme wa Ruzizi: nani astahili taa?

Chupa inayotupwa mferejini Kadutu haipotei. Mvua ikinyesha inateremka mlimani, inaingia mto Kawa, kisha ziwa Kivu. Na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Ruzizi. Kilometa chache kutoka mlango huo ndipo lilipo bwawa la Ruzizi I. Plastiki inaziba njia ya maji, mashine zinapungua nguvu ama zinasimama, mji unaingia gizani. Wazamiaji wanalazimika kushuka chini ya maji kuiondoa.

Ruzizi I ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa ajili ya viwanda na mitaa ya Wazungu kwanza. Vilima vya wakaaji weusi vilifikiwa nyuma. Baada ya uhuru swali la kugawana liliingia kati ya nchi. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL, na mwaka 1989 Ruzizi II ikafunguliwa chini ya shirika lao la pamoja, SINELAC. Mto mmoja, nchi tatu, mkataba ulioandikwa.

Ndani ya mji wenyewe mkataba wa namna hiyo haukuwapo. Kadiri watu walivyoongezeka, wengi wao wakikimbia vita vijijini, delestaji ilizoeleka: leo mtaa huu, kesho ule. Uchafu nao uliongezeka. Rwanda ilikataza masasheti ya plastiki mwaka 2008. Kinshasa ilitoa dekre yake mwezi wa 12 mwaka 2017, lakini masasheti hayakutoka sokoni.

Je, umeme ugawanywe kwa kuangalia nyumba inayotenga na kukusanya uchafu wake? Kuna haki ndani yake, maana anayetupa chupa mferejini anawazimia taa majirani pia. Ila kipimo kikiwa mita, haki hiyo inageuka. Mwenye mita anaweza kumlipa kijana abebe mfuko wake, na kijana huyo akautupa bondeni. Familia iliyohama, inayolala chumba kimoja kwa ndugu, haina mita kwa jina lake. Mama wa familia hiyo anayeokota chupa ufukweni ili auze analisaidia bwawa kuliko mwenye mita, na hesabu isingemwona. Vilevile plastiki inayosukwa vikapu na viti hapa Bukavu kwanza hupita mikononi mwa waokotaji kama yeye.

Kwa hiyo kipimo kingefaa kiwe nyumba kumi, utaratibu ambao wakaaji wanaujua tayari. Mifuko ipimwe pamoja mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, saa za umeme zihesabiwe kwa avenyu nzima, iwe mfuko ulijazwa na mwenye nyumba ama na mgeni aliyefika juzi na godoro kichwani.